Mawe ya Kupumzikia

Sisi tulimwita Fundi, basi. Jina lake lilikuwepo, na kwenye daftari la kijiji liliandikwa vizuri kabisa, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia ila karani siku za kuhesabu watu. Mafundi wengine walikuwa na kitu nyuma ya neno hilo: fundi baiskeli, fundi cherehani, fundi wa kule Nyarero. Huyu alikuwa Fundi tupu, na ukisema "nendeni kwa Fundi" hakuna aliyeuliza yupi.

Nimemkumbuka wiki hii kwa sababu mwanangu wa mwisho anataka kununua nyumba Tarime mjini. Amenionyesha picha kwenye simu: sebule, vigae, geti jekundu. Nikamwuliza, kutoka hapo hadi sokoni mkeo anatembea muda gani? Akacheka. "Mama, siku hizi kuna bodaboda." Niliingia ndani nikakaa kitandani, nikamtamani Fundi aje hata kwa robo saa, na koti lake lile na ubishi wake ule, amwulize mwanangu maswali mimi nikiwa nasikiliza tu.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana kuliko mwili wake ulivyostahili, na alivaa makatambuga, vile viatu vya tairi la gari, hata kanisani. Mfukoni mwa koti alikuwa na timazi ya kunyooshea kuta, kipande cha penseli nyekundu, na tumbaku ya kunusa ambayo hakumpa mtu. Kitu ambacho hakuwa nacho ni haraka. Ungempelekea habari ya nyumba inayoungua, angekuuliza kwanza moto umeanzia upande gani.

Watu walimwendea wakiwa wamejaa maneno ya boriti na mabati, vyumba vingapi, madirisha mangapi. Yeye aliwaacha wamalize. Kisha aliuliza jambo moja: "Utakwenda wapi kila siku?" Mwenye nyumba akishangaa, alimrudia kama anayesema na kiziwi. "Nyumba utalala. Nimeelewa. Ukiamka, utakwenda wapi?" Kama ni kisimani, kama ni shambani, kama ni zahanati kwa sababu una mtoto wa kifua, huko ndiko mlikokwenda kwanza, kwa miguu, kabla hajagusa mwiko wala msumeno. Na ilikuwa vivyo hivyo kwa aliyetaka kununua nyumba iliyokwisha kujengwa. Ukimwita aje akague kuta, alizigonga mara mbili kwa vidole ili usimwone mvivu, halafu akatoka nje kutafuta njia.

Hakuna aliyepima njia na Fundi mikono mitupu. Alikutaka ubebe kile utakachobeba siku zote. Mwanamke alibeba debe la maji, limejaa, si nusu. Fundi alitembea kando yake, na pale mbebaji aliposema amechoka, alitafuta jiwe la kukalia, akaliviringisha hadi ukingoni mwa njia, akaliacha hapo. Mwisho wa safari alihesabu mawe. Moja halikumsumbua. Mawili alikuna shingo. Yakifika matatu alisema, "Hii si nyumba ya kukaa, hii ni nyumba ya kufikia," na hata kama kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma, hakubadili maneno.

Wanaume hawakuipenda desturi hiyo. Balozi wetu wa nyumba kumi alipotaka kununua nyumba ya mwalimu aliyehamishwa, alileta wake zake wawili wabebe, yeye akatoa kiti akae. Fundi akamwambia, "Nasikia magunia ya mahindi utayatoa shambani wewe mwenyewe." Balozi akasema ndiyo, maana mbele za watu angesemaje. Basi akabebeshwa gunia begani. Kwenye jiwe la pili alikuwa amekwisha kusema kwamba nyumba ile, kwa kweli, hata rangi yake hakuipenda.

Inabidi niseme mambo yalivyokuwa, kwa ajili ya vijana. Ilikuwa miaka ile tulipotolewa kwenye miji yetu ya zamani, kila ukoo na kilima chake, ng'ombe na makaburi yake, tukaletwa kijijini kukaa kwa mistari kando ya barabara. Alikuja bwana mmoja kutoka wilayani na kamba ndefu. Aliivuta, akachomeka vijiti, na kila kijiti kikawa nyumba ya mtu. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Kamba yake ilikuwa imenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kuona katika nchi yetu ya vilima. Ila kamba haijui nani ni mkwe wa nani.

Kwetu mwanaume hakutani na mama wa mke wake njiani kama anavyokutana na mtu yeyote. Haingii nyumbani kwake, hali naye, hamtazami usoni. Ndiyo heshima yenyewe. Sasa yule bwana wa kamba akampa kijana mmoja kiwanja kinachotazamana mlango kwa mlango na cha mama mkwe wake. Siku tatu kijana alitoka nyumbani kwake kwa dirisha la nyuma. Siku ya nne akamwita Fundi. Fundi hakwenda ofisini kulalamika. Aliziba mlango wa mbele kwa fito na udongo, akafungua mwingine upande wa migomba. Bwana wa kamba aliporudi akakuta nyumba moja katika mstari wake imewapa watu mgongo. Akauliza maana yake nini. Fundi akamjibu, "Nyumba imeona haya." Ile nyumba imebaki hivyo hadi leo, ingawa kijana na mama mkwe wake wote wamekwisha kufa.

Alijenga mbali pia. Alivuka mto Mara akaenda upande wa Serengeti, kwa Wanata na Waikoma, na huko, alivyotusimulia, aliongeza swali. Hakuuliza tu maji yako umbali gani, aliuliza tembo huenda kunywa saa ngapi. Tulimcheka. Yeye hakuona kichekesho. Alisema njia ya saa nne asubuhi na njia ya saa kumi na mbili jioni ni njia mbili, hata kama zinapita mahali pamoja.

Nisimpambe sana. Alikuwa mbishi, na mchoyo wa sukari. Chai yake uliinywa chungu, naye unamwona anaweka vijiko vitatu kwenye kikombe chake. Alipenda kusifiwa, na asiposifiwa alijisifu. Alikuwa na baiskeli nzuri nyeusi, lakini sikumwona hata siku moja akiipanda. Aliikokota kijiji kizima ikiwa imebeba mbao, na ukimwuliza alisema baiskeli inasema uongo juu ya umbali. Mvua ilimnyeshea ndani ya nyumba yake mwenyewe, chumba kimoja nyuma ya ghala la kijiji, akiwa amewaezekea watu wote.

Tena alikuwa na nyumba nyingine ambayo hatukuielewa. Ilikuwa Gorong'a, juu kabisa ya kilima, aliijenga ujanani. Mkewe alifia huko, akazikwa huko, ndipo Fundi alipobeba vyombo vyake vya kazi akaja kwetu. Kila alipomaliza kazi kubwa aliondoka asubuhi kwenda kule mahameni kupalilia kaburi, akarudi siku ya tatu makatambuga yakiwa mekundu kwa vumbi. Mtu mmoja aliyewahi kufika alituambia kwamba hajawahi kuona nyumba iliyokaa pabaya kama ile. Upepo mzuri, unaona bonde lote, lakini maji yako chini kabisa, na kupanda kwake ni kwa magoti. Tulishangaa. Fundi wa njia, na nyumba ya namna hiyo.

Sasa nifike kwangu, maana nimezungukazunguka vya kutosha.

Nilikuwa nimeolewa mwaka wa pili, sina mtoto bado. Mama yangu hakuwa na mwingine ila mimi, na nyonga yake ilikuwa mbovu tangu alipoanguka akikata kuni. Alipewa kiwanja ng'ambo ya kijito, mwisho kabisa wa mstari, mahali ambapo kiangazi maji yalikuwa ya shida. Kuishi nasi hakuweza, kwa sababu ya ukwe. Mume wangu kumpelekea kitu mkononi hakuweza, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo maji ya mama yalikuwa maji yangu mimi, na sote tulilijua hilo bila kuambiana.

Mume wangu, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika, alikuwa na uwezo wa kununua nyumba badala ya kujenga, na nyumba mbili zilikuwa zinauzwa. Ya kwanza ilikuwa ya muuguzi aliyehamishwa, ya udongo na nyasi, karibu na kivuko cha kijito. Ukitoka mlango wa uani unaona moshi wa mama. Ya pili ilikuwa ya mwenye duka aliyerudi kwao, kando ya barabara, karibu na ofisi na mahali basi liliposimama. Ya pili ilikuwa na bati.

Ninyi mliozaliwa kwenye bati hamwezi kujua. Nyumba nzima niliyokulia ilinuka moshi na nyasi mbovu, na kila mvua tulihamisha ngozi za kulalia huku na huku. Ile ya barabarani ilikuwa na mfereji pembeni mwa paa, maji yanashuka yenyewe ndani ya pipa. Mawifi zangu walikuwa wameanza kuiita nyumba ya Bhoke, yaani mimi, kabla haijanunuliwa. Niliitaka. Nasema wazi, niliitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mume wangu mwenyewe.

Fundi aliitwa. Akauliza swali lake, na mume wangu akajibu, "Mimi, ofisini." Fundi akasema hakumwuliza yeye. Akanigeukia. Nikamwambia, kwa mama. Njia ya nyumba ya muuguzi tuliimaliza kabla sijatoa jasho. Kisha tukaenda kwa mwenye duka. Akanijazia debe kutoka kwenye pipa, nikaweka kata kichwani, akanitwisha.

Mume wangu alitangulia. Fundi alikuwa kando yangu. Nyuma walikuja mawifi zangu wawili, wamejifunga khanga vizuri, hawakubeba kitu, macho tu. Na hapa ndipo Fundi alipokosea, yeye aliyejua kila kitu cha njia. Bibi harusi wa Kikurya hatui mzigo njiani mawifi wakiwa nyuma yake. Akitua, atasikia habari yake kwenye kila kinu mpaka apate wajukuu. Ungemwuliza yeyote kati yetu siku hiyo kama amechoka, angekuambia hapana hata kama anazimia.

Penye mkonge, shingo ikaanza kuwaka. "Bhoke, hapa vipi?" akauliza Fundi. Nikasema twende. Kivukoni miguu ilitetemeka juu ya mawe ya kuvukia, maji yakanimwagikia mgongoni. "Hapa vipi?" Twende, Fundi. Kwenye kona ya kilima sikuona njia tena, niliona weupe tu, na nilijua kabisa kwamba nikisema neno moja, jiwe la tatu litawekwa, na bati limekwenda. "Vipi?" Sijachoka, nikasema.

Mlangoni mama alinitua debe, akaniangalia shingo. Mume wangu, aliyekuwa amesimama mbali na amegeuka upande kwa heshima, alisema kwa sauti ili wote wasikie, "Mke wangu ana nguvu."

"Nguvu zake sikuja kuzipima," Fundi akasema. "Njia hii sijaiwekea jiwe hata moja. Njia isiyo na jiwe siijui. Nunueni mnayoitaka." Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Tulinunua ya bati. Jioni ya mvua ya kwanza niliketi chini yake nikaisikiliza, na sitasema uongo, nilikuwa na furaha. Kwa mama nilikwenda kila siku. Kisha nikawa na mimba, nikaenda siku moja na kupumzika moja. Kisha nikawa na mtoto mgongoni, nikaenda nilipoweza. Mama hakulalamika. Siku moja nilimkuta yeye ndiye amekuja kwangu, na fimbo yake, amekaa chini ya upenu nikiwa shambani. Nikamwuliza amefikaje na nyonga ile.

"Fundi wako ameniwekea viti," akasema.

Nilipomsindikiza nikaviona. Mawe matatu makubwa, ya bapa, yamekandamizwa udongo yasitikisike. Moja penye mkonge, moja kivukoni, moja kwenye kona ya kilima. Hakuna aliyemwagiza. Mama alikaa kwenye kila moja kama mtu mwenye nyumba tatu, akanisimulia habari za majirani. Mimi nilisimama. Nilipita pale miaka yote iliyofuata na sikuwahi kuyakalia.

Masika yaliyofuata kijito kilijaa siku tatu, hakuna aliyevuka. Siku ya nne nilivuka maji yakiwa kiunoni, mtoto nimemwacha kwa wifi. Nikakuta majirani wamekwisha kufika kabla yangu. Mama alikuwa amelazwa amefunikwa. Walisema ni kifua, kilimshika ghafla, na labda ni kweli. Mimi nilitazama mtungi wake. Ulikuwa mkavu hadi chini, na kata ya kuchotea imewekwa juu yake kifudifudi. Mvua ya siku tatu inapiga nje, na mwanamke mwenye nyonga mbovu hawezi kutoka kukinga maji.

Jeneza alilitengeneza Fundi, kwa mbao alizokuwa amezitunza kwa ajili ya mlango wake mwenyewe. Tangu siku hiyo mlangoni kwake palining'inia gunia. Hakuniambia lolote, wala mimi sikumwambia. Tuliendelea kusalimiana, shikamoo Fundi, marahaba Bhoke, mwaka baada ya mwaka, na kila mara nilitembea haraka kidogo baada ya salamu.

Mara ya mwisho kuwa naye kwa muda wa maana ilikuwa wakati watu walipoanza kurudi mmoja mmoja kwenye mahame yao, na mistari ya yule bwana wa kamba ikaanza kutoboka. Mume wangu alikuwa anaumwa miguu. Tuliambiwa kuna nyumba inauzwa kule juu, karibu na zahanati, na nikasema sinunui kitu bila Fundi. Mume wangu akaniambia Fundi siku hizi hata kusimama hawezi. Nikaenda kumchukua.

Alikuwa amekwisha. Yale mabega yalikuwa yameshuka, koti linamwelea. Lakini aliposikia neno nyumba alitafuta makatambuga yake chini ya kitanda. "Utakwenda wapi kila siku?" akaniuliza. Nikamwambia, zahanati, na kisimani. Akachukua fimbo.

Hakukuwa na mtu mwingine njiani. Mawifi walikuwa wameolewa mbali. Nilijaza debe kisimani nikajitwisha mwenyewe, tukaanza kupanda, yeye nyuma. Nilisikia pumzi yake inakatika, na fimbo inagonga taratibu zaidi kila baada ya hatua chache. Hakuniuliza kitu. Nadhani hakuwa na pumzi ya kuuliza.

Nikasimama. "Fundi," nikasema, "nimechoka."

Akanifikia, akaegemea fimbo. "Umechoka wewe, au unanionea huruma mimi?"

"Nimechoka mimi. Na siku ile nilichoka. Penye mkonge, kivukoni, na pale konani. Nilitaka bati."

"Najua. Mawe niliyaweka wapi?"

"Mbona hukumwambia mume wangu?"

Alitoa tumbaku yake, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Yule wangu wa Gorong'a," akasema, "alinipandishia maji kile kilima mpaka siku aliyolala. Nilikuwa namwuliza, mke wangu, umechoka? Ananiambia hapana. Nikaamini. Nyumba ile nilikuwa naipenda." Akavuta pumzi. "Ndiyo maana nikaanza kutembea na watu. Na wewe ukanijibu vilevile, nami nikarudi nyumbani, nikanyamaza vilevile."

Kulikuwa na jiwe hatua tano kutoka njiani. Kuinama hakuweza, akalionyesha kwa fimbo. Nikataka kwenda kulileta na debe likiwa kichwani, akanizuia. Akalishika debe upande wa pili, tukalitua pamoja, na maji yakatumwagikia miguuni wote wawili. Nikaliviringisha lile jiwe hadi ukingoni mwa njia, nikapangusa mchanga juu yake.

"Kaa, Fundi," nikamwambia.

"Mimi sikubeba," akasema. "Kaa wewe."

Nikakaa.